Jasho la siku ya Mungu halifiki kazi tatu

Lubumbashi – Ukitoka mapema siku ya Mungu na kushika njia ya kwenda Kasapa, unaweza kudhani mji mzima umeandikishwa jeshini. Kikundi kinapita, kingine kinafuata. Fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo katikati, na nyuma kabisa papa mmoja mwenye tumbo ambaye anatembea huku akisema anakimbia. Ni jambo zuri kuona. Watu wanacheka, wanasalimiana, wenye magari wanapunguza mwendo. Halafu saa tatu ikifika, sehemu kubwa ya watu hao hao wameketi mbele ya sahani ya michopo na chupa za baridi, na treningi zinarudi ndani ya sanduku mpaka siku ya Mungu nyingine.

Sina ugomvi na vikundi hivyo, na wanaovisimamia wasinikasirikie. Nasema tu kwamba hesabu hii ina tundu. Mwili hautunzwi kwa siku moja katika saba, na mtu anayengojea kikundi ndipo ainuke atangoja mara nyingi kuliko atakavyotembea.

Sisi wakaaji wa Lubumbashi tuna jambo moja ambalo hatulioni kwa sababu tumelizoea: siku zetu tunaziita kwa hesabu ya kazi. Kazi moja, kazi mbili, kazi tatu, kazi ine, kazi tano. Kisha siku ya posho, kwa kuwa zamani za Union Minière ndiyo siku ambayo familia za kambini zilipokea chakula cha juma. Kisha siku ya Mungu. Wazee waliotuachia majina hayo walikuwa wanatoka kambini kwa miguu, wanashika sururu na mpauro, wanasukuma, wanabeba, wanarudi kwa miguu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa afanye sport. Ilikuwa kazi ya kulazimishwa mara nyingi, na ilivunja migongo ya wengi, kwa hiyo tusiisifu kupita kiasi. Lakini mwili ulikuwa unafanya kazi siku tano, kama jina linavyosema.

Leo majina yamebaki, kazi imebadilika. Angalia nani anafanya nini kazi moja asubuhi. Kambiste yuko kwenye kiti chake kidogo na mafungu ya franga mbele yake. Muuza mega na unite yuko chini ya mwavuli. Manseba amekaa juu ya moto yake tangu alfajiri, anashuka tu kununua mafuta. Mwenye kuandika karatasi za forodha yuko mbele ya ordinatere. Mama wa soko anapanga nyanya zake saa kumi na mbili, kisha anakaa mpaka jua linazama. Wote wamechoka jioni, na ukiwaambia hawajajongeza mwili watakucheka: «Mi niko nafanya kazi tangu asubui, papa, wee unaniambia sport?» Wana haki ya kuchoka. Ila kuchoka na kujongeza mwili ni vitu viwili, na moyo hauhesabu uchovu wa kukaa.

Hili si wazo langu. Mwaka 1953, mtafiti Mwingereza aliyeitwa Jerry Morris alitoa uchunguzi wake juu ya watu wa mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili. Alilinganisha madereva na wapokeaji wa nauli. Basi ni lile lile, mji ni ule ule, mishahara haikutofautiana sana. Dereva alikaa siku nzima. Mpokeaji wa nauli alipanda na kushuka ngazi siku nzima. Madereva ndio waliougua moyo zaidi. Miaka mingi imepita tangu hapo na tafiti nyingine nyingi zimefuata, lakini mimi bado napenda ile ya mabasi kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kupanda taksibisi yetu ataielewa bila kuwa munganga. Yule kijana anayening'inia mlangoni akiita «Kenya, Kenya, Katuba!», anaruka chini, anakimbia kidogo, anaruka ndani tena, ana kitu ambacho dereva wake hana.

Sasa kwa nini nataja kazi tatu? Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na hata ukishapumzika inaendelea kuipokea kwa urahisi kwa muda fulani. Muda huo ni siku moja hadi tatu hivi, kufuatana na jinsi ulivyojikaza. Ndiyo maana waganga wanaoshughulikia ugonjwa wa sukari wanashauri mgonjwa asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Tension nayo inashuka baada ya kutembea kwa haraka, inakaa chini kwa masaa kadhaa, kisha inarudi ilipokuwa. Piga hesabu mwenyewe. Aliyekimbia siku ya Mungu asubuhi, faida ya sukari inamfikisha kazi mbili. Akiwa alijikaza sana, inamgusa kazi tatu asubuhi. Kuanzia hapo mpaka siku ya posho usiku, anaishi bila akiba.

Kuna msomaji ataniambia kwamba wazungu wamekwisha kuandika kwamba hata mwenye kufanya mazoezi mwisho wa juma tu anapata faida kwa moyo. Ni kweli, wameandika. Lakini soma vizuri: watu wale walikuwa wanatimiza dakika zote za juma ndani ya siku moja au mbili, na wanafanya hivyo juma baada ya juma. Dakika hizo ni ngapi? Shirika la Afya Duniani, OMS, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima anahitaji kati ya dakika 150 na 300 za mwendo wa kadiri kila juma, au kati ya 75 na 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku mbili. Mwenye kukimbia dakika arobaini siku ya Mungu, akisimama mara tatu kupiga picha, hajafika kiwango cha chini. Tena huyo ndiye aliyekuja. Mvua ikinyesha, au kukiwa na ndoa siku ya posho usiku, haji.

Nusu saa mara tano ni dakika 150. Kazi moja mpaka kazi tano. Ni kama waliandika mwongozo huo wakiangalia majina ya siku zetu. Siku ya posho ufue nguo, siku ya Mungu uende kanisani, na ukitaka kukimbia na kikundi, kimbia, itakuwa ziada.

Niseme pia jambo ambalo watu hawapendi kusikia. Kila mtaa wa mji huu una hadithi yake: papa aliyekuwa mzima jana, leo ameanguka bafuni, mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki, na kabla ya jioni familia imekwisha kujua nani alimtilia sumu, au ni shangazi gani alimuloga. Kilio kinageuka vita. Mjane anafukuzwa kwenye lupango. Mzee wa watu, ambaye kosa lake ni kuwa na nywele nyeupe na macho mekundu ya moshi wa makala, anarushiwa mawe na vijana aliowaona wakizaliwa. Ni mara ngapi katika fujo hiyo mtu aliuliza: tension ya marehemu ilikuwa ngapi? Mara ya mwisho alipimwa lini? Tension kubwa haiumi. Inaweza kukaa ndani ya mtu miaka kumi bila kumpigia hodi, kisha siku moja inapasua mshipa kichwani. Sukari inakwenda vilevile, polepole, inakula macho na miguu na figo. Mtu anayejongeza mwili wake karibu kila siku hajajinunulia uzima wa milele, lakini anapunguza hatari hiyo kwa kiasi kinachojulikana, na bila kulipa franga hata moja. Nikifikiria vikongwe ambao wamechomewa nyumba kwa ajili ya tension ya mtu mwingine, naona mambo haya ya kamba na kutembea si mchezo wa wenye nafasi.

Kabla sijaendelea, kuna watu ambao makala hii haiwahusu, na nisingependa waisome wakajisikia wanashitakiwa. Mama wa Annexe anayelima shamba lake kwa jembe, anayeteka maji mbali na kurudi na bidoni kichwani, anayetwanga sombe jioni, amekwisha kutimiza dakika za OMS kabla ya kazi tatu. Yeye anahitaji kupumzika na kula vizuri. Huwa naona aibu nikisikia radioni munganga kijana akimwambia mama kama huyo «aache maisha ya kukaa». Aende kuwaambia wakubwa wa ofisini.

Kwa sisi wengine, nusu saa hiyo tuifanyie wapi? Jibu langu: ndani ya lupango. Kila mpango unaoanza na kutoka nje, kupanda taksibisi, kulipa mlango wa salle, kungojea wenzako na kutafuta viatu vya bei unakufa ndani ya mwezi mmoja. Mashine ya kukimbia juu yake inataka umeme, na umeme wetu tunaujua. Lupango liko pale. Hata likiwa la familia nne, saa kumi na moja alfajiri hakuna anayelitumia ila kuku.

Namfahamu mwalimu mmoja wa Katuba, mama wa watoto watano, aliyeambiwa ana sukari. Hana viatu vya sport, anafanya kwa kambambili, na kwa kuruka anavua hata hizo. Kila asubuhi anawasha mbabula, anaweka maji ya kuoga juu, kisha anaanza. Anatembea kwa haraka kuzunguka nyumba, anapanda na kushuka ngazi mbili za barza, anakaa juu ya kiti na kuinuka bila kushika kitu, anajisukuma kwa mikono kwenye ukuta kama mtu anayepiga pompi akiwa amesimama. Maji yakianza kutoa moshi, amemaliza. Anaoga kwa maji yale yale. Siku mbili katika juma anashika bidoni mbili za lita tano, moja kila mkono, kilo tano na kilo tano, anaziinua mpaka mikono inatetemeka. Sukari yake haijapona, anakunywa dawa zake, lakini mwaka wa tatu sasa hajaacha. Nilipomuuliza siri, alinitazama kama mwanafunzi mjinga. «Maji. Lazima nioge, si ndiyo?»

Naona hapo kuna akili kuliko vitabu vingi. Hakutegemea hamu, maana hamu ni mgeni, inakuja inapotaka. Alifunga mazoezi kwenye kitu ambacho hakiwezi kukosekana. Mwingine anaweza kuyafunga kwenye habari za redio za asubuhi, mwingine kwenye sala, mwingine kwenye safari ya kazini kwa kushuka taksibisi vituo viwili kabla ya mwisho. Kila mtu ana mbabula yake.

Juu ya kasi, kipimo ni rahisi: utembee kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kwa kipimo hicho, naomba radhi, kikundi kinachoimba vizuri kutoka mwanzo mpaka mwisho bado hakijaanza kazi.

Wengi wanasema watu wanaacha mazoezi kwa uvivu. Siamini. Nimeangalia jinsi yanavyokufa kwa majirani na ndugu, na karibu kila mara muuaji ni mmojawapo wa watatu: kilio, malaria, mvua.

Kilio kwanza. Mtu amefanya majuma sita vizuri, kisha mjomba anafariki. Unalala nje juu ya kiti cha plastiki usiku mbili, tatu. Unakula ovyo, unakunywa kahawa, huna usingizi. Hakuna mtu atakayeruka kamba kwenye kilio, na asijaribu, atafukuzwa. Baada ya mazishi mwili umelegea na moyo una huzuni, na ndipo neno baya linatoka: «Nitaanzaka mwezi unaokuja.» Mwezi unaokuja una kilio chake. Mimi ningesema asubuhi ya kwanza uliyoamkia nyumbani kwako, hata kama ni kazi ine, fanya robo. Dakika saba, nane. Si kwa ajili ya misuli. Mwongozo wa OMS wenyewe unasema kila kiasi cha mwendo kina faida, hata kidogo, na siku hizi hawadai tena dakika kumi mfululizo kama walivyodai zamani. Dakika nane zinatosha kuuambia mwili kwamba mambo hayajaisha.

Malaria inataka akili nyingine. Kuna imani mjini kwamba jasho linatoa malaria, na vijana wanakwenda kucheza mpira na homa «ili itoke». Hiyo ni hatari. Homa ikiwepo, lala, pima, kunywa dawa mpaka ziishe. Ukianza kula tena kwa hamu na homa imeondoka, tembea tu siku za kwanza, polepole, kisha rudi kidogo kidogo. Aliyekuwa anaruka kamba mara mia tano kabla ya kuugua na akataka mia tano siku ya kwanza atarudi kitandani, na mara hii ataogopa kabisa.

Mvua kwetu inakaa miezi mingi, kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu karibu kila siku, na lupango linageuka matope. Hapo barza ndiyo uwanja. Asiye na barza ana chumba. Kukaa na kuinuka kwenye kiti hakudai nafasi kubwa. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba adui ni blanketi, na dhidi ya blanketi sina shauri la maana.

Kwa wapenzi wa ndondi nitakumbusha kitu. Pambano la Ali na Foreman lilipangwa Kinshasa tarehe 25 mwezi wa tisa 1974. Siku chache kabla, Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, na pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 mwezi wa kumi. Zaidi ya mwezi mzima. Tunapenda kusimulia ngumi ya raundi ya nane, ile iliyomwangusha Foreman; hatusimulii yale majuma ya katikati kule N'Sele, mbali na kwao, wakati Ali alipaswa kuamka tena alfajiri na kukimbia kwa ajili ya siku iliyokuwa imesogezwa. Hakuna mtu aliyelipa tiketi kuona asubuhi zile.

Na sisi ni mji wa kulipa tiketi. Tunapenda mchezo, hakuna wa kutunyima hilo. Mazembe imetwaa kombe la mabingwa wa Afrika mara tano. Lakini uwanja wa Kamalondo unapojaa, watu 22 wanakimbia, na maelfu na maelfu wanakaa wakitafuna karanga. Tunacheza kwa macho na kwa koo.

Kuna kizuizi kingine ambacho vikundi vya siku ya Mungu, nakiri, vinakitatua vizuri kuliko lupango: macho ya watu. Mama mzima akiruka kamba nyumbani, majirani wanachungulia juu ya ukuta. Mume anauliza anajitengenezea nani. Akipungua, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kwetu kunenepa ni ushahidi kwamba mume anatunza, na kukonda ni ushahidi wa ugonjwa ule usiotajwa. Nimesikia mama mmoja wa Ruashi akisema aliacha kwa sababu hiyo tu: wifi zake walianza kumuuliza anakunywa dawa gani. Katika kikundi, fulana yenye jina inamkinga. Yuko na wenzake, hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo, wamama wenye vikundi, ninyi ndio mnaweza kulifanya jambo hili. Msikutane siku ya Mungu tu. Wawili au watatu wa barabara moja wanaweza kukutana kwenye lupango la mmoja wao kazi mbili na kazi ine. Itakuwa pia salama zaidi. Mwanamke kukimbia peke yake gizani katika mji huu, sitamshauri mtu, na anayeshauri aende yeye kwanza.

Waume nao waache maswali. Ukweli ni kwamba papa mwenye tumbo, yule wa nyuma ya kikundi, ndiye mwenye kuhitaji kamba hiyo kuliko mkewe.

Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kukosa pumzi kwa kupanda ngazi chache, mwenye tension iliyo juu sana, aonane na munganga kabla ya kuanza. Mwenye kudunga insulini au kunywa dawa za sukari awe na kitu kitamu karibu, kwa kuwa sukari inaweza kushuka ghafla, na aangalie nyayo zake kila jioni: kidonda kidogo cha kambambili, kwa mgonjwa wa sukari, kinaweza kuishia kukatwa mguu.

Kwa wale wanaosisitiza kukimbia barabarani, wachague barabara. Njia ya Likasi na ya Kasumbalesa, zenye malori ya madini mchana na usiku, si mahali pa kuvuta pumzi kwa nguvu. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu chetu pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kobalti nyingi kupita kiasi katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Vumbi ni sehemu ya habari hiyo. Anayekimbia anavuta hewa mara nyingi zaidi ya anayekaa. Ukifanya hivyo nyuma ya lori, unajaza mapafu kile ulichokuja kukitoa. Vichochoro vya ndani, vyenye miti, mapema kabla ya magari, ni afadhali, hata kama havipendezi kwa picha.

Hapo ndipo tunafika kwa jambo la wakubwa. Watoto wanahitaji saa moja ya mwendo kila siku, na wao hawawezi kuzunguka nyumba kama mwalimu wa Katuba; wanahitaji mpira na nafasi. Nafasi zinakwisha. Kila mtu wa umri wangu anaweza kuonyesha, katika mtaa wake, ukuta uliosimama mahali alipochezea, na nyuma ya ukuta nyumba ya ghorofa, na hakuna anayejua karatasi ilitiwa sahihi na nani. Tunaomba mabalozi wa mitaa na mabugumestri wa komine zetu saba waweke hadharani orodha ya viwanja vya umma vilivyobaki, kwa jina na kwa vipimo, ili raia wajue cha kulinda. Sio ombi la gharama. Ni karatasi moja kwenye mlango wa komine.

Na wakati tunangoja karatasi hiyo, kuna viwanja vingine tayari: vya shule na vya parokia. Kutoka saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na nusu, kabla wanafunzi hawajaingia, uwanja wa shule hauna mtu. Sentineli yuko mlangoni, hajalala au amelala, lakini yuko. Kinachokosekana ni ruhusa ya mkurugenzi na kijitabu cha kuandika majina ya wanaoingia. Shule ya kwanza itakayofungua mlango wake namna hiyo, kazi moja mpaka kazi tano, ituandikie. Tutakuja na tutatangaza hapa hapa saa na namna ya kujiandikisha.